Nani Kasema Gari la Kwanza Lazima Liwe Kubwa?

Mgeni akiwauliza wazoefu wa magari ya rimoti ya kukwea miamba, yale yanayoitwa kroula, hupewa jibu kabla swali halijaisha. Achukue gari la kipimo cha 1/10, yaani lililo dogo mara kumi kuliko gari lenyewe la barabarani. Liwe Traxxas TRX-4 au Axial SCX10, au jingine la ukoo huo. Akisema mfuko haujatosha, ataambiwa ajibane na asubiri, kwa sababu rahisi ni ghali na anayeanza na kidogo hununua mara mbili. Akithubutu kutaja gari la kutoshea kiganjani, watacheka: hicho ni kitu cha watoto.

Ushauri huu umerudiwa mno hadi umegeuka sheria, na wanaoutoa hawana nia mbaya. Wengi wao walianza na vitu hafifu vya plastiki, vikawafia mikononi, na sasa wanataka kumwepusha mgeni na hasara hiyo. Hata hivyo wanakosea. Wanampa mgeni jibu la swali lao wenyewe, swali la mtu aliyekwisha kuujua mchezo, mwenye chaja nzuri mezani, bisibisi za kila namna na eneo la mawe alilolizoea. Asiyejua bado kama ataupenda mchezo, wala atauchezea wapi, anahitaji kitu kingine kabisa: gari dogo la kipimo cha 1/24 au 1/18, la polepole, lenye betri na chaja ndani ya boksi lake, na ambalo kila spea yake inauzwa peke yake.

Ubishi huu hauwezi kuamuliwa bila kwanza kukumbuka kroula ni gari la namna gani. Si gari la mbio. Kwenye uwanja tambarare mtoto anayekimbia ataliacha nyuma. Kazi yake ni kupanda: jiwe, mzizi wa mwembe, ngazi, ukingo wa mfereji. Katika mashindano yanayofuata kanuni za USRCCA, chama cha Marekani cha mchezo huu, dereva hupitisha gari katikati ya vijiti vilivyosimikwa miambani. Akirudi nyuma anaongezewa pointi za adhabu, akigusa kijiti anaongezewa nyingi zaidi, na mwenye pointi chache ndiye anayeshinda. Wakenya wanaijua hali hii kwa magari halisi. Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kujenga uzio wa Aberdare, haimtuzi mwenye kasi. Mshindi ni yule aliyefika vituo vyote ndani ya saa 10 kwa kukata umbali mfupi kuliko wenzake, na ndiyo maana mtu mmoja wa timu hushuka na kutangulia kwa miguu akichungulia korongo kabla gari halijasogea.

Basi anachokwenda kujifunza mgeni ni kusoma jiwe. Tairi lipi litangulie, gari liingie kwa pembe gani, lini asimame, lini aongeze moto kidogo na lini akubali kwamba njia hii haipitiki. Ujuzi huo huja kwa saa nyingi za kushika rimoti, na saa hizo huzipata mwenye gari lililo karibu, lisilomtisha na lisilomgharimu kila linapopinduka.

Wapenda makubwa hapa hujibu kwa sauti moja: uimara. Gari kubwa lina ekseli nene, gia nono na bampa la maana, kwa hiyo halivunjiki ovyo. Kwa macho hoja hiyo inaonekana haina mpinzani. Kwa hesabu, mambo yanageuka.

Toka kipimo cha 1/10 hadi 1/24, urefu wa kila kitu unapungua mara 2.4. Eneo la mkato wa ekseli, ambalo ndilo linalobeba nguvu, linapungua karibu mara 6. Lakini ujazo, ambao ndio unaoleta uzito, unapungua karibu mara 14. Uzito unakimbia mbele ya nguvu, na kila unaposhuka kipimo gari linabaki na nguvu zaidi ukilinganisha na mzigo wake. TRX-4 ina kilo tatu na ushei. SCX24, ile kroula ndogo ya Axial, ina karibu robo kilo. Yadondoshe yote mawili kutoka mwamba wa kimo cha mita moja. Kubwa litafika chini na nishati ya joule 30 hivi, dogo na joule mbili na nusu. Mwaka 1926 mwanasayansi Mwingereza J.B.S. Haldane aliandika insha maarufu juu ya ukubwa unaowafaa viumbe, akaonyesha kwamba panya mdogo anaweza kuanguka kwenye shimo refu la mgodi akainuka na kwenda zake, ilhali farasi hapatikani tena. Sheria hiyo haibagui kati ya mifupa na plastiki. Gari dogo likibingirika kutoka juu ya kichuguu mara ishirini kwa mchana mmoja, kinachoharibika kwa kawaida ni rangi ya bodi. Gari la kilo tatu likianguka vibaya mara moja juu ya jiwe kali, kioo cha bodi kinapasuka, mkono wa stelingi unapinda au propela inachomoka.

Wapo watakaosema sevo ya SCX24, ile mota ndogo inayogeuza matairi ya mbele, ni dhaifu na huchoka upesi. Ni kweli, na ndiyo kasoro kubwa ya gari hilo. Lakini sevo ya kuibadilisha inauzwa, inafungwa kwa skrubu chache, na kazi hiyo ni somo zuri la kwanza la ufundi. Udhaifu wa spea moja unaojulikana na unaotibika si sababu ya kulikataa gari zima.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi, ambalo ajabu ni kwamba wapenda makubwa hawalitumii sana. Mvuto wa dunia haupungui pamoja na kipimo. Gari dogo linapopinduka, hupinduka ghafla. La 1/24 huanguka kwa haraka kuliko la 1/10 kwa karibu mara moja na nusu, likitazamwa kwa kipimo chake. La 1/10 huinua tairi, husita, hukupa nafasi ya kujirudi. La 1/24 liko chali kabla kidole hakijaachia. Dereva mzoefu anayeshika gari dogo kwa mara ya kwanza hukereka na jambo hili, na hapo ndipo chanzo cha dharau yake. Kwa anayejifunza, tabia hiyo ina faida. Inamlazimisha aamue njia kabla ya kukanyaga jiwe badala ya kutegemea kuokoa mambo yakishaharibika. Na kwa kuwa kupinduka hakumgharimu kitu, anarudia palepale mpaka mkono uelewe.

Hoja inayofuata ni ya vifaa, na hapa ndipo matangazo ya biashara yanapowasaidia wapenda makubwa. TRX-4 ilipotoka mwaka 2017, ikiwa na bodi ya Land Rover Defender, ilikuja na mambo ya kutamanisha: difu za mbele na nyuma zinazofungwa na kufunguliwa kwa kubonyeza rimoti, gia mbili za mwendo, na ekseli zenye gia kwenye vitovu vya magurudumu, mtindo wa lori la Unimog, zinazoinua tumbo la ekseli lisikwaruze mawe. Hakuna anayebisha kwamba ni uhandisi mzuri. Swali ni kama mgeni anaukosa uhandisi huo anaposhindwa kupanda jiwe.

Haukosi. Difu iliyofungwa maana yake ni kwamba magurudumu mawili ya ekseli moja yanazunguka pamoja hata kama moja liko hewani, na hicho ndicho kinacholiwezesha gari kupanda. SCX24 na TRX-4M, mdogo wake TRX-4 wa kipimo cha 1/18, zina difu zilizofungwa moja kwa moja tangu kiwandani. Zinachokosa ni uwezo wa kuzifungua, ambao humsaidia dereva kukata kona kali kwenye njia tambarare. Mgeni hana shida hiyo. Shida yake ni kwamba anakanyaga moto kupita kiasi, matairi yanazunguka bure, kisha gari linaruka na kupinduka. Kitufe cha tatu na cha nne kwenye rimoti havimtibu. Vinampa sababu mbili zaidi za kuangalia vidole vyake badala ya kuangalia jiwe. Na kwa anayesisitiza kwamba bila vitu hivyo mchezo hauna ladha, kampuni ya FMS imeshatia gia mbili na ekseli za vitovu kwenye FCX24, gari la kipimo cha 1/24. Vifaa, basi, si mali ya magari makubwa peke yake.

Na mota? Mgeni husikia habari za mota isiyo na brashi akadhani bila hiyo amebaki nyuma. Katika kroula, mota ya brashi iliyosukwa mizunguko mingi ya waya kwa kila ncha, 35, 45 au 55, hupunguza kasi na kulisogeza gari taratibu sana, na vizazi vizima vya magari ya 1/10 vimepanda milima kwa mota za namna hiyo. Zipo leo mota zisizo na brashi, kama Hobbywing Fusion iliyounganisha mota na kidhibiti mwendo katika mwili mmoja, ambazo hutambaa kwa ulaini wa kupendeza. Mtu mwenye mkono uliokomaa atausikia ulaini huo. Mwenye mkono mzito atauzidi nguvu hata ukiwa laini kiasi gani.

Kinachoamua zaidi kuliko mota ni matairi. Raba laini inayoukumbatia mwamba, sifongo iliyo ndani yake isiyo ngumu mno, na uzito ulioshushwa chini na kusogezwa mbele: hayo matatu humpandisha mtu jiwe ambalo hakuna mota ingempandisha. Na yote matatu mtu anaweza kuyajaribu kwenye gari dogo kwa fedha kidogo, akaona tofauti jioni hiyohiyo.

Tufike kwenye pesa, kwani ndiko msemo wa kununua mara mbili ulikozaliwa. TRX-4 ilipoingia sokoni iliuzwa karibu dola 450 za Marekani, bila betri wala chaja. Hilo la pili hutajwa kwa sauti ya chini. Mgeni aliyejibana miezi sita akapata bei ya gari hugundua dukani kwamba hawezi kuliwasha. Atafute betri, atafute chaja inayoaminika, atafute mfuko wa kuzuia moto wa kuchajia ndani yake. TRX-4M ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022 iliuzwa karibu dola 150, betri na chaja zikiwa ndani ya boksi. SCX24 nayo huuzwa hivyohivyo, ikiwa kamili. Bei hupanda na kushuka, lakini pengo hilo halijawahi kuzibika: kwa fedha ya gari moja kubwa lisilowaka, mtu anapata dogo linalowaka, spea za kutosha, matairi ya ziada na chenji mfukoni.

Kama akiupenda mchezo na kununua la 1/10 baadaye, je, amenunua mara mbili? Ndiyo, amenunua magari mawili, na ana magari mawili. Lile dogo halitupwi. Linabaki la jikoni, la ofisini wakati wa chakula cha mchana, la kumpa mpwa aliyekuja likizo. Na kama hakuupenda, amepoteza theluthi ya fedha ambazo angezipoteza kwa ushauri wa wapenda makubwa. Ajabu ni kwamba wanaopigia debe ununuzi wa mara moja ni haohao ambao TRX-4 zao zimebadilishwa matairi, rimu, sevo, shokapu, bodi na mota, hadi kilichobaki cha kiwandani ni chasi na kibandiko.

Tuseme ukweli pia upande wa pili. Magari madogo yana mtego wake wa fedha. Soko limejaa vipande vya shaba na alumini vya kuvifungia, kila kimoja bei ndogo, na mtu asiyejizuia hujikuta ametumia kwenye pambo zaidi ya bei ya gari. Dawa ni kulitumia lilivyo mpaka kitu kivunjike au mpaka ujue hasa kinachokuzuia kupanda. Vizito vya shaba kwenye magurudumu ya mbele vina maana, kwa sababu SCX24 ikitoka kiwandani ni nyepesi chini na huyumba. Kioo cha pembeni cha alumini hakina.

Suala la betri linastahili kuzungumzwa taratibu, maana si la raha bali la usalama, na kwa wengi wanaoanza hakuna aliyewaeleza. Betri za lithiamu polima zinazotumika humu zina seli za volti 3.7. Seli iliyojaa hufika 4.2, na ikishushwa chini ya 3 huanza kufa. Ikizidishiwa chaji, ikitobolewa au ikichajiwa ikiwa imevimba, inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi. Betri ya seli tatu yenye ujazo wa mAh 5000, ya kawaida kwa gari la 1/10, inabeba karibu Wh 55. Betri ya SCX24, seli mbili za mAh 350, inabeba Wh 2.6. Ya kwanza imebeba nishati zaidi ya mara ishirini ya ya pili. Zote zinataka heshima; hakuna ya kuachwa kwenye chaja usiku watu wamelala. Lakini mtu anayejifunza tabia za betri za lithiamu ni afadhali ajifunze kwa ile ndogo, ambayo chaja yake ilitoka nayo kiwandani na haina vitufe vya kukosea idadi ya seli.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Magari haya mara nyingi hutoka nje, na njia ya kawaida ni ndugu au rafiki anayerudi kutoka Dubai, Muscat, London au Minneapolis. Kanuni za usafiri wa anga zinataka betri za ziada za lithiamu ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiingie kwenye mizigo inayopakiwa chini, na zisizozidi Wh 100 hazihitaji kibali cha shirika la ndege. Betri zote zilizotajwa hapa zimo ndani ya kiwango hicho. Gari lenyewe ndilo mtihani. TRX-4 ina urefu unaozidi nusu mita na boksi lake linakula begi zima. Mwambie shangazi alibebe, uone. SCX24 ina sentimita ishirini hivi na inakaa kati ya viatu. Spea nazo ni hivyohivyo: gia za gari dogo zinaingia kwenye bahasha.

Sasa linakuja kosa la upande mwingine, na hapa wapenda makubwa wana haki ya kupiga kelele. Kusema gari la kwanza liwe dogo si kusema liwe lolote. Maduka ya vifaa vya kuchezea, Kariakoo na kwingineko, yamejaa magari yenye matairi makubwa na picha ya mlima kwenye boksi ambayo si kroula hata kidogo. Rimoti yake inajua mambo mawili tu, kuzima na kuwasha: ukigusa usukani, matairi yanakata hadi mwisho, ukigusa moto, gari linaruka. Kwa gari kama hilo hakuna kusoma jiwe. Jaribio lake ni la dakika moja na muuzaji mwungwana hatalikataa. Geuza usukani kidogo sana: je, matairi yamegeuka kidogo sana? Bonyeza moto kwa ncha ya kidole: je, gari limetambaa au limechomoka? Kama jibu la lolote kati ya hayo ni baya, rudisha boksi kwenye rafu.

Kati ya vitu vya kuchezea na kroula za kweli kuna kundi la Wachina, WPL na MN, linalostahili kutendewa haki. Magari yao ya mtindo wa Hilux na Defender yanavutia, bei yake ni ndogo kuliko yote yaliyotajwa, na baadhi huuzwa yakiwa vipande vya kujiunganishia. Anayependa kushika bisibisi kuliko kushika rimoti atafurahi nayo sana. Springi za majani za WPL, zilizopangwa kama za lori, zinamfundisha mtu kitu ambacho gari la bei mbaya halimfundishi. Tatizo lao ni kwamba katika matoleo mengi kipokea mawimbi na kidhibiti mwendo viko kwenye kibao kimoja, na sevo inaunganishwa kwa nyaya tano badala ya tatu za kawaida. Kimoja kikifa, vyote vinafuatana kaburini, na anayetaka sevo bora inambidi abadilishe mfumo mzima wa umeme, rimoti ikiwemo. Hapo methali ya rahisi ni ghali inasimama kwa miguu yake yote miwili.

Wapenda makubwa wana ngome moja ambayo haibomoki, nayo ni mahali. Anayekaa Mwanza, katikati ya yale mawe ya matale yaliyopangana kana kwamba yamemwagwa na mtu, au jirani na Kit Mikayi karibu na Kisumu, akienda na gari la 1/24 litazama kwenye ufa wa kwanza na kutolewa kwa fimbo. Nyasi zikivuka kifundo cha mguu, gari dogo limekwisha kazi. Kama wenzako wote watano wana magari ya 1/10 na kila Jumapili wanakwenda vilimani, ukija na la kiganjani utashinda ukiwakimbiza. Kwa mtu wa namna hiyo, aliyekwisha kuonjeshwa gari la mwenzake na ana pa kulipeleka, la 1/10 ni chaguo halali hata likiwa la kwanza. Na kama anataka kuingia mashindanoni, basi asome kwanza madaraja ya mashindano ya eneo lake kabla ya kununua chochote.

Ila wanaoishi hivyo ni wangapi? Mgeni wa kawaida ni mtu wa mjini. Ana chumba na sebule, ghorofa ya tatu, na uani kuna kifusi cha kokoto za jirani anayejenga. Kwa gari la 1/24, kifusi hicho ni milima. Vitabu vinne vilivyopangwa ovyo na mto wa kochi ni uwanja wa kutosha jioni ya masika, mvua ikiwa inapiga bati. Kwa la 1/10, kifusi hichohicho ni tuta la kuvukwa mara moja, sebule haitoshi hata kugeuza, na safari ya kwenda kwenye miamba ya kweli inahitaji usafiri na ruhusa nyumbani. Gari linalohitaji safari hutumika mara moja kwa mwezi. Lililo juu ya rafu ya runinga hushikwa kila siku, robo saa kabla ya kulala, na mwisho wa mwezi mwenye dogo ana saa nyingi zaidi za mazoezi kuliko mwenye kubwa. Watu wa pwani wana bahati ya mawe ya matumbawe, makali na yenye mashimo, ambayo raba laini huyashika vizuri ajabu. Waangalie tu maji ya chumvi, kwani huzila beringi na mota hata za magari yanayosifiwa kuwa hayaingizi maji, na gari lililolowa lisuuzwe kwa maji baridi na kukaushwa siku hiyohiyo.

Kati ya 1/24 na 1/18, uamuzi ni mwepesi kuliko unavyofanywa. Anayecheza zaidi ndani achukue la 1/24. Mwenye bustani au njia ya kokoto achukue la 1/18, kwa kuwa TRX-4M inavuka vijiti na majani makavu ambamo SCX24 hunasa. Yote mawili yana orodha kamili za spea kutoka kwa watengenezaji wake na rundo la spea za kampuni nyingine juu yake, na hilo ndilo la kuulizia kabla ya rangi au bodi: propela ikikatika leo, itanunuliwa wapi, kwa bei gani, na itafika lini? Gari zuri lisilo na jibu la swali hilo ni pambo la kabati.

Kwa wazoefu, ombi ni dogo. Mgeni akija kuuliza, msimtajie jina la gari. Muulizeni anakaa wapi, atachezea juu ya nini na nani atamletea spea. Kisha mpeni rimoti ya gari lenu kwa nusu saa, mnyamaze, na mwacheni alipindue.